Udaktari wa Joho la Kukodi

Umezuka mtindo katika miji ya nchi hii, na ya nchi jirani, ambao haufai kunyamaziwa. Ukumbi wa hoteli hukodiwa kwa siku moja. Majoho mekundu na kofia za pembe nne huletwa masandukuni. Wachungaji, wainjilisti, wake zao na viongozi wa kwaya hupangwa mstari, huitwa mmoja mmoja, huvishwa na kupigwa picha. Asubuhi mtu alitoka nyumbani kwake akiwa Mchungaji, jioni hurudi akiwa "Dk." Jumapili inayofuata, bango la kanisa limekwisha kuandikwa upya.

Chuo kinachotoa udaktari huo huwa na jina la fahari la ng'ambo, lakini hakina darasa, hakina maktaba wala mwanafunzi anayejulikana. Kina cheti na mhuri. Mtunukiwa huambiwa kwamba shahada ni ya bure, ila alipie joho, cheti, ukumbi na chakula. Huo ni ujanja wa mwenye mgahawa anayegawa chai bure na kutoza kikombe.

Ieleweke wazi kwamba shahada ya heshima yenyewe si uovu. Chuo Kikuu cha Oxford kimekuwa kikitoa heshima ya aina hiyo tangu karne ya 15. Chuo cha kweli humteua mtu kwa kazi yake, baraza lake likajadili, na mtunukiwa asitozwe hata senti moja. Mwinjilisti aliyezunguka vijijini kwa miguu miaka 30, akafundisha watu kusoma na kuzika maiti wasio na ndugu, anastahili heshima kuliko wengi wanaoipata. Kinachopingwa ni mambo mawili: kuiuza heshima hiyo kama gunia la chumvi, na kuigeuza kuwa cheo cha elimu ambayo mwenyewe hakuisoma.

Neno lenyewe "daktari" lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mtu anayefundisha. Martin Luther alipopewa udaktari wa theolojia huko Wittenberg mwaka 1512, alikuwa amekwisha kusoma kwa miaka mingi, na aliapa kuyafundisha Maandiko kwa uaminifu. Kwake udaktari ulikuwa mzigo wa kazi, wala haukuwa pambo la shingoni. Hata leo anayeutafuta kwa njia ya haki hupita shahada ya kwanza, akapita ya uzamili, akaandika tasnifu, kisha akasimama mbele ya watahini kuitetea. Kijana wa mkulima anayekesha na vitabu huko Makumira, Arusha, ambako wachungaji wamekuwa wakifunzwa tangu miaka ya 1950, hutukanwa kila mara joho la kukodi linapovalishwa mtu ambaye hakufungua hata kitabu kimoja.

Lakini anayeumia zaidi si msomi. Anayeumia ni muumini. Mama muuza mchicha anayetoa sadaka yake ya wiki hana njia ya kupambanua udaktari wa tasnifu na udaktari wa hoteli. Yeye huona "Dk." ukutani na huamini. Akiugua, akashauriwa na "Daktari" huyo kuacha dawa za hospitali, ataweza kutii, kwa sababu cheo kimemwambia kwamba anayesema anajua. Na fedha za joho zimetoka wapi, kama si katika kapu lile lile la sadaka? Basi mnyonge hulipia mara mbili: kwanza hununua cheo, kisha hutawaliwa nacho. Kama huo si unyonyaji, neno hilo halina maana.

Biashara hii si ngeni. Huko California, Marekani, kanisa moja lilikuwa likitoa udaktari wa dini wa heshima kwa njia ya posta kwa dola 20. Kesi yake ya kodi ilipoamuliwa na mahakama mwaka 1974, mahakama ilisema kwamba shahada hiyo ni cheo cha kidini tu, kisicho na hadhi yoyote ya kitaaluma. Wakuu wa vyuo vikuu vya Nigeria walikubaliana huko Keffi mwaka 2012 kwamba waliotunukiwa shahada za heshima wasijiite madaktari. Mwaka 2025 tume ya elimu ya juu ya Ghana iliwaonya wanasiasa, wafanyabiashara na watumishi wa dini waache kuvitumia vyeo hivyo hadharani. Afrika imeanza kuamka.

Wapo watakaojitetea kwamba watu wa siku hizi hawamheshimu mchungaji asiye msomi. Kama hivyo ndivyo, dawa yake ni kusoma. Rwanda ilipotunga sheria mwaka 2018 kudai viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, iliwapa miaka mitano ya kwenda darasani. Haikuwapa alasiri moja ya kuvaa joho.

Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania imekabidhiwa na sheria kazi ya kutambua shahada zinazotoka nje. Kazi hiyo haitatimia ikiwa magazeti, redio na waongozaji wa sherehe wataendelea kumwita kila mvaa joho "Daktari". Makanisa nayo yawaulize watumishi wao swali moja jepesi: chuo hicho kiko wapi, na kilimtoza nani?

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wanaowaongoza. Lakini wahubiri hawana haja ya kuusoma Mwongozo ili kulijua jambo hili. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Yesu aliwakataza wafuasi wake kupenda kuitwa kwa vyeo vya ukuu, kwa kuwa wao wote ni ndugu.

Julius Nyerere alipata shahada yake ya M.A. Edinburgh mwaka 1952 kwa kusoma, na mwaka 1962 chuo hicho hicho kikamtunuku udaktari wa heshima wa sheria. Angeweza kuuweka mbele ya jina lake mpaka kaburini. Wananchi walimwita Mwalimu, naye akaridhika. Mchungaji anayeona jina la Mchungaji halimtoshi, na ajiulize ni kundi gani analolichunga.