Usiovakloki Bonasi ya Mathe

Kuna msee wa Litein ameniandikia juzi usiku. Mathe wake amemkatia kitu kwa bonasi ya majani chai anunue kompyuta, aanze kuediti video za harusi. Swali lake: achukue prosesa ya kori mbili aiovakloki, yaani aisukume ipite kasi ya kiwandani, ama achukue ya kori nne? Beshte yake amemwambia Kericho ni baridi, mashine haiwezi kuchemka.

Chukua kori nne, buda. Na kasi uiache vile ilikuja.

Najua hii tamaa inatoka wapi. Mwaka wa 2014 Intel walitoa Pentium G3258: kori mbili, GHz 3.2, bei ya chini, na kasi haikufungwa. Watu wakaisukuma hadi ikapita GHz 4, na kwa gemu za zamani ikatesa kweli. Mwaka huohuo ikatoka Far Cry 4. Ikakataa hata kufunguka kwa kori mbili tupu.

Fikiria shambani. Wachumaji wawili ukiwakimbiza mpaka wakohoe, na wanne wanaochuma kwa mwendo wao wa kawaida, nani atajaza gunia? Core i5-4570 ina kori nne, kila moja GHz 3.2. Zijumlishe upate 12.8. Hiyo Pentium hata ukiifikisha 4.4, ni 8.8. Sawa, hiyo ni hesabu ya kijiweni, si ya maabara, na kuna programu zisizojua kugawa kazi, hapo wawili wenye mbio wanaweza kushinda. Lakini kurenda video ni kazi ya kugawana.

Halafu tuseme ukweli kuhusu soko letu. Hapa tunanunua ex-UK, zile OptiPlex na EliteDesk zilizotoka maofisini. Ingia BIOS utafute mahali pa kuovakloki, hakuna. Itabidi ununue bodi ingine, pawa saplai ingine, feni kubwa. Hiyo pesa yote ingekuwa SSD na RAM.

Na hiyo baridi? Inasaidia kidogo, sikatai. Lakini tuko kama mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo kuliko ya Mombasa. Shida yetu hasa ni saa tisa mchana: ngurumo, mvua ya mawe, stima inapepesa. Mashine uliyoibana mpaka mwisho ndiyo ya kwanza kuzimika. Nunua UPS kwanza.

Naongea na kovu. Nilipoacha chuo niliweka akiba yangu yote kwa mashine ya kori mbili, nikaisukuma, nikajiona injinia. Kazi ya kwanza ilikuwa video ya koito huko Silibwet. Kila nikirenda, ikifika katikati, skrini bluu. Nikarudisha kasi ya kawaida, ikarenda usiku kucha, stima ikapotea alfajiri. Wale wenyewe walipata video wiki tatu baadaye, na mama wa bi harusi hakuniambia kitu. Aliniangalia tu. Afadhali angenitusi.

Kitu kimoja kabla hujaenda dukani. Muuzaji akikuambia "hii laptopu ni i5, kori nne," usitikise kichwa. i5-5300U na i5-6300U, ambazo zimejaa huku, ni kori mbili. Hata i7-5600U ni mbili! Laptopu nyembamba za i5 zilianza kupata kori nne kwa kizazi cha nane, kama i5-8250U. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, ingia Performance, usome pale pameandikwa Cores. Kukiwa na 2, rudisha pesa ya mathe mfukoni uende duka linalofuata.