Nyumba Ndogo ya Mlimani

Katika nchi ya Norway, iliyoko kaskazini kabisa ya bara la Ulaya, mtu akisema kwamba mwisho wa juma atakuwa "kwenye hytte", hana haja ya kueleza zaidi. Hytte ni nyumba ndogo ya mbao iliyojengwa mlimani, msituni au kando ya bahari, mbali na makao ya kila siku, na kazi yake ni kuikusanya familia pamoja. Nchi hiyo ina watu wapatao milioni 5 na nusu, na nyumba za namna hii zimepita 400,000. Kwa hiyo hata asiye na nyumba yake mwenyewe huenda akaalikwa kwenye ya babu, ya shangazi au ya mwenzake wa kazini.

Milima yenyewe si mirefu. Ule unaopita yote, Galdhøpiggen, una mita 2,469, nao haufikii nusu ya kilele cha Rwenzori. Lakini kwa sababu nchi iko karibu na ncha ya dunia, theluji hukaa juu huko kwa miezi mingi ya mwaka, na mti haumei tena mtu akipanda kidogo tu kupita mita elfu moja.

Asili ya jambo hili ni ufugaji. Zamani mkulima wa Norway alikuwa na shamba dogo bondeni, na majani ya bondeni yalipaswa kukatwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya majira ya baridi. Basi wakati wa joto ng'ombe na mbuzi walipelekwa mlimani. Wasichana na akina mama ndio waliokaa nao huko, wakikamua, wakisukasuka maziwa, wakitengeneza siagi na jibini katika vibanda vya mbao vilivyoitwa seter. Ufugaji wa namna hiyo ulipopungua, vibanda vingi viligeuzwa kuwa nyumba za mapumziko. Mwaka 1868 kilikuwa kimekwisha kuundwa chama cha watembezi wa milimani, Den Norske Turistforening, na mwaka 1947 sheria iliwapa wafanyakazi wote wiki 3 za likizo. Tangu hapo nyumba ya mlimani haikuwa tena anasa ya matajiri peke yao. Fundi seremala na karani nao walibeba mbao zao mgongoni, wakajenga.

Chukua mfano wa nyumba yoyote ya askari polisi katika mji mkuu, Oslo. Baba yuko zamu ya usiku. Mama, ambaye ni muuguzi, yuko zamu ya mchana. Watoto wao wawili hupokezanwa mlangoni kama funguo. Wiki nzima yaweza kupita pasipo wanne hao kuketi katika meza moja, na wanapoketi, mmoja anasinzia. Familia za askari popote pale zinaifahamu hali hiyo bila kuelezwa.

Siku ya Ijumaa wanapakia gari, wanasafiri saa tatu, na kutoka mwisho wa barabara wanatembea juu ya theluji kwa mbao ndefu za kutelezea, kila mmoja na mfuko wake mgongoni, hata mdogo wa miaka saba. Wanapoufungua mlango, baridi ya ndani ni sawasawa na ya nje, au imeizidi. Hapo hakuna anayevua koti. Baba anawasha jiko la kuni. Mama na binti mkubwa wanatoka na ndoo kwenda kuchimba kisima kilichofunikwa, au wakishindwa wanajaza sufuria theluji. Mtoto apelekwaye mlimani kwa mara ya kwanza hushangaa sana kuona sufuria iliyofurika theluji ikiyeyuka na kuacha maji kidogo chini. Ndipo ajuapo kwa nini hakuna anayemwaga maji ovyo. Yule mdogo anapewa ufagio, afagie mavi ya panya. Choo kiko nje, hatua kadhaa kutoka mlangoni, na mara nyingi mlango wake umetobolewa kwa umbo la moyo. Kukiendea usiku katika upepo, na tochi mkononi, ni ushujaa ambao mtoto huusimulia shuleni Jumatatu.

Ni baada ya saa mbili au tatu ndipo nyumba inapopata joto. Kwa wakati huo wote wamefanya kazi katika chumba kimoja, wakigusana viwiko, na mazungumzo yaliyokuwa hayapatikani mjini yamekwisha kuanza yenyewe. Yafaa isemwe pia kwamba si kila mazungumzo ni matamu. Chumba kidogo hakina mahali pa kununia. Mume na mke waliokuwa wakikwepana mjini kwa kisingizio cha zamu, hapa hawana zamu, na baadhi ya magomvi yaliyofichwa mwaka mzima hufumuka karibu na jiko lile. Usiku hushindwa kwa Ludo, karata na kitabu cha nyumba, ambamo kila afikaye huandika tarehe, hali ya hewa, nani alikuwapo na jambo gani lilitokea. Mtoto hukuta humo mwandiko wa bibi yake aliyekwisha kufariki, akilalamikia mvua ya siku tano.

Pasaka ndiyo sikukuu kuu ya mlimani. Shule hufungwa wiki nzima, jua limerudi baada ya giza refu la majira ya baridi, na theluji ingali nyingi. Watu hukaa nje wakiegemea ukuta, nyuso zikielekea jua, wakimenya machungwa, tunda ambalo haliwezi kumea katika nchi yao. Tena husoma hadithi za upelelezi. Desturi hii ilianza mwaka 1923. Waandishi vijana wawili, Nordahl Grieg na Nils Lie, walikuwa wametunga kitabu juu ya kuporwa kwa treni ya Bergen, na tangazo la kitabu hicho likapigwa chapa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti la Aftenposten mfano wa habari ya kweli. Wasomaji wengi walishtuka wakidhani treni imeporwa hasa. Kitabu kiliuzwa mno, na tangu hapo kila Pasaka maduka hujaa vitabu vya wauaji na wapelelezi. Askari aliyeacha kazi ya namna hiyo mjini aweza kushangaa anapokuta mkewe ameibeba mpaka mlimani.

Lakini mlima ule ule unaokusanya familia huua. Pasaka ya mwaka 1967 ilileta misiba mingi, na baada yake Msalaba Mwekundu pamoja na chama kile cha watembezi waliwaeneza watu wote kanuni 9 za mlimani, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Karibu kila mtoto wa Norway huzisikia angali mdogo: kupanga safari na kuwaambia wengine njia utakayopita, kusikiliza habari za hali ya hewa, kubeba nguo za kutosha hata kwa safari fupi, kutumia ramani na dira, na nyinginezo. Ile inayotajwa kuliko zote ni ya nane, isemayo kwamba mtu ageuke mapema, na kwamba kugeuka si aibu.

Kanuni hiyo ni rahisi kuikariri na ngumu kuitii. Rudi kwa familia ile ya askari. Wamekusudia kwenda mpaka ziwa fulani, kula chakula hapo, na kurejea. Zimebaki kilomita mbili. Baba amekuwa akiliahidi ziwa hilo tangu Krismasi. Upande wa magharibi wingu limeshuka, upepo umeanza kuipeperusha theluji chini chini, na alama za njia hazionekani vizuri kama zilivyoonekana asubuhi.

"Baba, alama ya pili siioni," binti anasema.

"Tutaiona tukikaribia."

"Mwalimu alisema ukiacha kuiona alama ya mbele, simama."

Mama hasemi kitu. Anamfunga mdogo skafu. Baba anatazama mbele, anatazama nyuma. Huyu ni mtu ambaye kazini neno lake hufuatwa, na mbele ya wanawe hapendi kuonekana ameshindwa na upepo. Ni katika dakika kama hiyo, wala si katika tufani yenyewe, ndipo misiba mingi ya mlimani huzaliwa. Baba mwenye akili hugeuza mbao zake na kusema kwamba ziwa halitahama. Asiyegeuka, kundi la wasaidizi wa Msalaba Mwekundu, ambao wengi wao huiacha Pasaka yao wenyewe ili kulinda milima, huenda wakatoka usiku kumtafuta. Helikopta nazo huruka. Kwa miaka mingi, tangu 1973 hadi 2023, zilikuwa zile za Sea King za kikosi cha 330 cha jeshi la anga, na sasa ni za aina mpya. Aliyeokolewa hadaiwi malipo.

Wala asidhani mtu kwamba uzoefu wa kijeshi ni kinga. Tarehe 5 Machi 1986, katika bonde la Vassdalen, kaskazini ya nchi, maporomoko ya theluji yaliwafunika askari 31 wa kikosi cha uhandisi waliokuwa katika mazoezi. Kumi na sita walikufa. Walikuwa vijana wenye nguvu.

Upande mwingine, kuna askari waliookolewa na kibanda. Mwezi wa Oktoba 1942, wakati Norway imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, Wanorway wanne walishushwa kwa miavuli katika uwanda mkubwa wa Hardangervidda. Waliishi majira yote ya baridi katika vibanda vya mlimani, na chakula kilipokwisha walichemsha mimea midogo ya mawe ambayo ni chakula cha kulungu wa kaskazini, mpaka walipofanikiwa kumpiga kulungu mwenyewe karibu na Krismasi. Wakaungana na wenzao, na usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943 mitambo ya maji mazito huko Vemork ikavunjwa pasipo risasi kufyatuliwa. Mmoja wao, Claus Helberg, baada ya vita alifanya kazi ya kuwaongoza watembezi milimani kwa miaka mingi.

Wasio na nyumba zao hutumia za chama, zaidi ya 550, zilizotapakaa nchi nzima. Nyingi hazina mlinzi. Mwanachama huwa na ufunguo mmoja unaofungua karibu zote. Anaingia, anakoka moto, anachukua chakula cha kopo kutoka stoo, anaandika alichotumia na kulipa mwenyewe. Askari polisi asomaye habari hii pengine atatabasamu. Utaratibu huo, hata hivyo, umedumu kwa vizazi kadhaa. Tena sheria ya mwaka 1957 inamruhusu mtu yeyote kutembea katika ardhi isiyolimwa, hata ikiwa na mwenyewe, na kupiga hema ilimradi liwe mita 150 kutoka nyumba iliyo karibu.

Majira mengine yana shughuli zake. Wakati wa joto usiku haungii giza kamili, watoto huvua samaki hadi wasahau kulala, na mbu hawana huruma. Mwezi wa Agosti familia hutafuta multe, tunda dogo la rangi ya dhahabu liotalo kwenye ardhi ya majimaji, na mahali linapopatikana kwa wingi ni siri ambayo jirani hatajiwi. Kisha huja uwindaji. Likizo fupi ya shule ya vuli zamani iliitwa likizo ya viazi, kwa kuwa watoto walitakiwa shambani kuvichimba.

Sasa yapo manung'uniko. Hytte nyingi za siku hizi zina umeme, maji ya bomba, barabara hadi mlangoni na vyumba vingi kuliko nyumba ya mjini. Bei zake zimekuwa kubwa mno kwa mshahara wa askari na muuguzi. Vijiji vizima vya nyumba za mapumziko vimejengwa mahali walipopita kulungu wa kaskazini, na mwaka 2021 mnyama huyo aliingizwa katika orodha ya wale wanaokaribia kuwa hatarini. Na katika ugonjwa wa korona, kuanzia tarehe 19 Machi hadi 20 Aprili 2020, serikali ilikataza watu kulala katika nyumba zao zilizoko nje ya wilaya zao, kwa kuwa hospitali ndogo za milimani zisingeweza kuwahudumia wote. Pasaka hiyo ilipita milango ikiwa imefungwa, na wenye nyumba walilalamika, lakini walio wengi walitii.

Jumapili mchana familia ile ya Oslo inafunga nyumba. Maji yote yanamwagwa yasije yakaganda na kupasua vyombo. Majivu yanatolewa. Kuni kavu, zilizopasuliwa nyembamba, zinapangwa karibu na jiko pamoja na kiberiti, kwa kuwa atakayefuata huenda akafika usiku, mikono imekufa ganzi. Binti anaandika katika kitabu: upepo wa magharibi, tulirudi kabla ya ziwa. Mdogo anataka aandike pia kwamba yeye alikwenda chooni peke yake, na dada yake anaandika.