Sheria ya 1965 yawafunga mikono wenye maduka ya kukodisha

WAMILIKI wadogo wa majengo ya biashara nchini Kenya wangali wanabanwa na sheria iliyotungwa mwaka wa 1965 kuwakinga wapangaji wa maduka na mikahawa.

Chini ya sheria hiyo, Sura ya 301, mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, hulindwa. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kumwondoa pasipo ilani rasmi ya miezi miwili. Mpangaji akiipinga mbele ya jopo husika, ilani hiyo haina nguvu hadi uamuzi utolewe.

Kampuni kubwa hukwepa kizingiti hicho kwa kuandikisha mikataba ya zaidi ya miaka mitano. Anayeumia ni mstaafu mwenye maduka mawili aliyeafikiana na wapangaji kwa mdomo, ilhali benki yadai mkopo wake kila mwezi.

Ushuru nao haumpi nafuu. Kiwango cha asilimia 7.5 kilichoanza Januari 2024 chahusu nyumba za makazi pekee.

Mchuuzi anastahili kinga dhidi ya kufurushwa ovyo. Hata hivyo, kesi zikikawia, kinga hiyo hugharimiwa na mnyonge mwenzake.