Kiwanda Kimetufikia, Nakshi Zetu Ziko Wapi?

Kwa miaka mingi watu wa Pwani tulikuwa na nakshi bila ya kiwanda. Mfanyabiashara wa Mombasa alitega sikio akajua wanawake wanasema nini msimu huo, akachagua jina la kanga, akaupanga mji na pindo, kisha mchoro ukapanda meli. Kanga zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, Bara Hindi na Japani, zikarudi kuuzwa madukani kwetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo wengi walijua kwa chapa yake ya "Mali ya Abdulla", lilianza Mombasa mwaka 1887 na likajenga jina lake kwa biashara hiyo. Baadaye viwanda vya Afrika Mashariki navyo vilishika kazi, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Lakini mashine zilibaki kuwa za wenye mitaji mikubwa. Mwenye nakshi alikuwa mmoja, na mwenye kiwanda alikuwa mwingine.

Leo mambo yamepinduka. Pale Lunga Lunga, mahali ambapo barabara ya Mombasa kwenda Tanga inavuka mpaka kuingia Horohoro, kijana mwenye simu au kompyuta ya kuazima aweza kuchora picha, akaiweka katika ukurasa wa mtandao, na ikaonekana Muscat na London saa ile ile. Kiwanda kimetufikia mlangoni. Linalofaa kuulizwa sasa ni jingine: je, nakshi bado tunazo, au tumezisahau wakati ule ule tulipopata mashine ya kuzichapa?

Swali hili si la watu wa sanaa peke yao. Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili vijana wapate kazi za mtandaoni. Mwaka 2022 ikaidhinishwa mitaala ya kufundisha watoto wa shule jinsi ya kuandika programu za kompyuta. Huku kwetu Kwale, mgodi wa Base Titanium ulisimamisha uchimbaji Desemba 2024, na waliokuwa wakitegemea mchanga ule hawana budi kutazama kwingine. Kijana akiuliza pa kuanzia, mara nyingi huambiwa ajifunze michoro ya kurasa za mtandao, kwa kuwa haihitaji shahada wala mtaji mkubwa. Ushauri huo ni mwema. Ila yafaa tujue hasa anajifunza nini.

VIOLEZO VYA WATU

Njia nyepesi iliyoenea ni kutumia violezo vilivyo tayari. Programu ya Canva, iliyotoka Australia mwaka 2013, humpa mtumiaji maelfu ya miundo, naye akabadilisha jina, rangi na namba ya simu tu. Kwa tangazo la kesho asubuhi, jambo hilo halina ubaya. Lakini anayeishia hapo hajajifunza kuchora. Amejifunza kujaza fomu. Ndiyo maana bango la arusi ya Vanga na la duka la simu la Nairobi hufanana kama mapacha, na ukurasa wa nyumba ya wageni ya Diani hupambwa kwa mnazi uliopigwa picha katika kisiwa ambacho hatukijui.

Na sasa kuna kompyuta inayochora kwa kuamrishwa. Hiyo nayo huchora kutokana na ilivyolishwa. Iambie ikuchoree msikiti wa kale wa Pwani ya Kenya, na usishangae ikikuletea makuba na minara ya Istanbul, wala si kitu mfano wa Msikiti wa Kongo kule Diani, wenye kuta nene za mawe na mibuyu iliyouzunguka. Tusichokiweka sisi, mashine haitakijua, na mgeni hatakiona.

ILIMU YA NUKTA

Aliyepita chuoni akaandika ubaoni kwa kalamu ya mwanzi hana haja ya kuogopa ilimu hii, kwani msingi wake anaujua. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa aliweka kanuni ya kupima herufi kwa nukta: alifu ina urefu wa nukta kadhaa, na herufi nyingine hupimwa kwa alifu hiyo. Uso wa simu nao umejengwa kwa nukta. Kila nukta ina taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, na kila taa hupewa nambari kuanzia 0 hadi 255. Kwa kuchanganya nambari hizo tatu hupatikana rangi zaidi ya milioni 16.

Kwa hiyo mchoraji wa mtandao hupanga nukta kwa vipimo, kama mwandishi wa khati. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19, na pambizo zake zikatiwa nakshi za rangi. Mafundi wale walijua kuacha nafasi tupu ili jicho lipumzike, na walijua pambo lisiyameze maneno. Kanuni hizo ndizo zinazofundishwa leo katika vyuo vya michoro ulimwenguni. Fundi wetu wa kuandika vibao vya maduka, ambaye kazi yake imechukuliwa na mabango ya plastiki, anazijua pia. Lau ningeulizwa nani awe mwanafunzi wa kwanza wa mafunzo haya, ningemtaja yeye.

UZITO WA PICHA

Jambo la pili ni uzito. Kurasa za mwanzo za mtandao, uliobuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989, zilikuwa maandishi matupu. Mwaka 1993 ilipotoka programu ya Mosaic ndipo picha zilipoenea ndani ya kurasa pamoja na maneno. Tangu hapo kurasa zimenenepa, na anayelipia unene huo ni msomaji.

Tufanye hesabu. Picha ya kamera ya simu yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ina nukta milioni 12. Ukiipunguza ikawa 1,080 kwa 810, inabaki na nukta 874,800, yaani chini ya sehemu moja katika kumi na tatu, na juu ya uso wa simu jicho halitaona tofauti kubwa. Anayeiweka nzima nzima bila kuipunguza anamla bando mama wa Mwereni aliyenunua data ya shilingi 20 ili aone bei ya mahindi. Ukurasa usipofunguka, mama huyo hatalalamika; ataondoka tu. Kupunguza picha ni ufundi, na pia ni adabu kwa msomaji.

Kadhalika kuna kuchagua aina. Picha ya kamera huhifadhiwa vizuri kwa JPEG. Nembo yenye rangi chache, au inayotakiwa kuwa na mandhari ya wazi, hufaa kwa PNG. Na nakshi za mistari hufaa kwa SVG, iliyopitishwa rasmi mwaka 2001. Hii ya tatu haihifadhi nukta. Huhifadhi maelezo ya jinsi ya kuchora: anza hapa, pinda pale, jaza rangi hii. Ikuze hadi ukubwa wa ukuta, haitachakaa.

Hapa ndipo sanaa yetu inapopata bahati. Pindo la kanga ni kipande kimoja kinachorudiwa mara nyingi. Nakshi za mlango wa Lamu ni ua na mnyororo uliorudiwa. Kompyuta huambiwa mara moja tu kipande hicho, kisha ikaambiwa irudie hadi mwisho. Pindo zima laweza kuwa jepesi kuliko picha moja ndogo ya mnazi wa kuazima. Sanaa ambayo kwa karne nyingi iliepuka sura za viumbe, ikashika mistari, maua na maumbo ya hesabu, imekuja kuwa sanaa inayoelewana sana na mashine hii. Na zana za kuichora hazina bei: GIMP, iliyotolewa mwaka 1996, na Inkscape, ya mwaka 2003, ni programu huru ambazo yeyote aweza kuzichukua bila ya kulipa.

MANENO YALIYOFUNGWA

Kuna kosa moja ambalo limeenea hata kwetu Waislamu. Ratiba ya Ramadhani, tangazo la maulidi, habari ya mazishi: vyote huandikwa ndani ya picha, vikasambazwa. Anayeona husoma. Lakini kipofu ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti hasikii chochote, kwa kuwa kwa simu ile, maneno yaliyo ndani ya picha huwa rangi tu mpaka programu nyingine iyatambue, na mara nyingi huyakosea. Dawa ni rahisi. Maneno yaandikwe kama maneno, na picha iwekewe maelezo mafupi yasiyoonekana lakini yanayosomwa na simu. Mwalimu asiyefundisha jambo hili ameacha nusu ya somo.

Pia ziko picha za watu. Bibi arusi aliyepigwa picha ndani, kati ya wanawake wenziwe, hakukubali kuwa pambo la ukurasa wa fundi wa mapambo. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na sura ya mtu anayetambulika inaingia humo. Lakini hata kabla ya sheria hiyo tulifundishwa kwamba sitara ya mtu ni amana.

MALI BILA DAFTARI

Sasa tuje kwenye haki ya nakshi zenyewe. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara nchini humo. Watetezi wa wafumaji walisimama kupinga, na mwishowe kampuni ikaliacha ombi lake. Lau wangenyamaza, mfumaji wa Kenya angeweza kuzuiwa kuuza kikoi huko kwa jina lake la asili.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tumepewa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mchoraji kwa kazi aliyoibuni mwenyewe. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, ya mwaka 2016, inazihusu nakshi za jamii nzima, na imezipa serikali za kaunti jukumu la kuorodhesha zilizomo katika maeneo yao. Ziko wapi basi nakshi za Wadigo, Waduruma, Wavumba na Wasegeju katika orodha hiyo? Nani ameketi na wasuka mikeka wa Vanga akachora kila msuko na jina lake?

Kazi hiyo ndiyo ingekuwa darasa bora la michoro. Vyuo vya ufundi viko chini ya kaunti. Mwanafunzi wa Lunga Lunga apewe kazi ya mwaka: aende kwa nyanyake, anakili pindo moja la mkeka au la kanga kuukuu, aulize jina lake, alichore upya kwa mistari, alipunguze uzito, alitie maelezo, kisha alipeleke likaandikwe. Akimaliza atakuwa amejifunza kila kitu anachotakiwa kujua mchoraji wa kurasa za mtandao, na kaunti itakuwa na daftari.

Na asiishie kwenye kizuizi cha mpaka. Msuko ulioko Lunga Lunga uko pia Horohoro, kwa kuwa wasukaji ni ndugu, na mpaka uliwakuta tayari wanasuka. Orodha ya upande mmoja iseme wazi kwamba mali hii ni ya pamoja, tusije tukadhulumu jirani huku tukijitetea na wa mbali.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti watakapoketi kugawa fedha za mafunzo ya kompyuta, watahesabu mashine ngapi za kununua. Twawaomba wahesabu pia walimu, na miongoni mwa walimu hao wawemo msuka mikeka na fundi wa vibao.