Zamu ya Nzuani: deni la urais wa kupokezana Komoro

Kwa hesabu ya kura peke yake, mtu wa Mwali asingetarajia kuwa rais wa Komoro. Sensa ya 2017 ilihesabu katika kisiwa hicho watu waliozidi 50,000 kidogo, wakati nchi nzima ina zaidi ya 750,000. Hata hivyo, mwaka 2011 Ikililou Dhoinine wa Mwali aliapishwa, kwa sababu katiba ya 2001 ilikuwa imeamua kwamba urais utazunguka visiwa vitatu: Ngazija, Nzuani na Mwali. Kisiwa chenye zamu kilipiga kura ya mchujo peke yake, kikatoa wagombea watatu, na ndipo wananchi wote wakamchagua mmoja wao. Azali Assoumani wa Ngazija alianza 2002, Ahmed Abdallah Sambi wa Nzuani akapokea 2006, kisha Ikililou, na 2016 Azali akarudi kwa zamu ya pili ya Ngazija. Katika nchi ambayo tangu uhuru wa Julai 1975 ilizoea mapinduzi, baadhi yakiongozwa na mamluki Mfaransa Bob Denard, marais walikabidhiana ofisi mara tatu kwa kura. Hilo ni jambo la kuthaminiwa.

Kura ya maoni ya Julai 2018, ambayo wapinzani waliisusia, iliruhusu rais kukaa vipindi viwili mfululizo vya miaka mitano kabla kiti hakijahama. Kwa utaratibu wa awali, Nzuani ilikuwa ipokee mwaka 2021. Sasa Azali, aliyeshinda uchaguzi wa 2019 na ule wa Januari 2024 uliofuatwa na ghasia na amri ya kutotoka nje katika mji mkuu, Moroni, anamaliza kipindi chake mwaka 2029. Kila rais akikaa miaka kumi kamili, Mwali itapokea 2039. Mtoto aliyezaliwa Fomboni, mji mkuu wa Mwali, mwaka Ikililou alipoondoka madarakani atakuwa na miaka 23.

Nionavyo mimi, badiliko hili lilikuwa kosa, na linapaswa kurekebishwa kabla ya 2029. Ili kuona uzito wake, inabidi kurudi mwaka 1997. Nzuani ina milima mikali na mashamba ya miteremko ambayo udongo wake unachukuliwa na mvua, na watu wake wamebanana. Ndiyo yenye bandari ya kina kirefu, Mutsamudu, lakini maamuzi yalifanyika Moroni, huko Ngazija. Mishahara ya watumishi ilikuwa inachelewa kwa miezi. Ng'ambo ya bahari, kilomita 70 hivi, waliitazama Maore (Mayotte), iliyobaki chini ya Ufaransa baada ya kura ya maoni ya uhuru ya 1974, ikiwa na hospitali na shule ambazo wao hawakuwa nazo. Agosti 1997 Nzuani ikatangaza kujitenga, na wapo walioomba hadharani kurudi chini ya Ufaransa. Watu wa kisiwa kilichomtoa Ahmed Abdallah, rais aliyetangaza uhuru, walifikia kuuomba ukoloni urudi. Makubaliano ya Fomboni ya 2001 yaliwarudisha katika muungano, na zamu ilikuwa sehemu kubwa ya bei iliyolipwa.

Wanaotetea mfumo mpya wana hoja ambazo hazifai kupuuzwa. Miaka minne, au hata mitano, haitoshi kujenga barabara, umeme na bandari, hasa kwa nchi inayouza nje karafuu, vanila na mafuta ya langilangi, ikaagiza mchele wake mwingi, na ikategemea sana pesa zinazotumwa na ndugu walioko Marseille na Paris. Rais anayejua hatarudi ana sababu chache za kupanda mti utakaozaa baada ya yeye kuondoka. Mfumo wa 2001 nao ulikuwa mzigo: rais wa Muungano pamoja na marais watatu wa visiwa, kila mmoja na serikali yake, kwa watu wasiofika milioni moja. Tena, aliyeanza kuuvuta muda si Azali. Sambi mwenyewe, kwa kura ya maoni ya 2009, alirefusha kipindi chake na kuwashusha marais wa visiwa kuwa magavana, na Mwali iliyokuwa ikingoja zamu yake ililalamika vikali.

Lakini hapo ndipo penye shida. Visiwa vilipunguziwa madaraka mwaka 2009, na 2018 vikaongezewa muda wa kungoja, pamoja na kufutwa kwa nafasi za makamu wa rais zilizovipa visiwa vyote sauti ikulu. Kama gavana wa Nzuani angekuwa na fungu lake la uhakika katika ushuru wa Mutsamudu, la kulipa walimu na kuendesha hospitali, karibu miaka ishirini ya kungoja isingeuma hivi. Serikali ndiyo mwajiri mkubwa, na rais ndiye mteuzi. Nani ataongoza forodha, nani ataongoza shirika la mchele, nani mafuta: yote yanaamuliwa Moroni. Kiti kinapigiwa vita kwa sababu karibu kila kitu kimefungwa nacho.

Hasira za Nzuani zilionekana mapema: Oktoba 2018 watu wenye silaha walijifungia katika mji wa kale wa Mutsamudu wakipambana na jeshi. Sambi, aliyewekwa kizuizini mwaka huohuo, alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 kwa kesi ya uraia wa Komoro uliouzwa kwa watu wasio na utaifa wa nchi za Ghuba. Ufisadi huo ulistahili kuchunguzwa hadi mwisho. Ila mahakama iliyomhukumu haikumpa nafasi ya kukata rufaa, na wengi Nzuani wanaona waliporwa mtu wao na zamu yao pamoja. Sisi wa Tanzania hatuwezi kuwa watazamaji: Machi 2008 askari wetu walikuwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichotua Nzuani kumng'oa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa aliyeikaidi serikali ya Muungano, na kukirudisha kisiwa ndani ya muungano. Walioambiwa wakati ule kwamba nafasi yao ndani ya muungano inalindwa wana haki ya kutuuliza ulinzi huo uko wapi.

Kipindi kirudi kuwa kimoja cha miaka mitano. Fungu la kila kisiwa katika mapato ya forodha liandikwe kwenye katiba yenyewe, si kwenye sheria ya bajeti inayobadilishwa kila mwaka. Na tarehe ya Nzuani kupokea 2029 itamkwe sasa na Azali mwenyewe, mbele ya Umoja wa Afrika aliouongoza mwaka 2023.