Usiombe Sare kwa Kuogopa Jina

Pale Mwembe Tayari, kwenye drafti, hakuna anayekuuliza wewe nani. Ukifungwa, wainuka, mwengine akaa. Lakini tia sataranji ya mashindano uone: kijana yuko mbele kwa kete nzima, na bado aomba sare, ati mwenzake ana reitingi kubwa. Wazee watasema ana adabu. Adabu gani, bwana? Huo ni woga uliovaa kanzu.

Hata hesabu ya Elo haijakuzika. Pengo la pointi 400 lampa mwenye nguvu takriban pointi 10 katika kila 11. Ile moja iliyobaki ni haki yako. Siku ikijileta mezani, mbona uikate nusu?

Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alienda Olimpiadi ya 2010 kule Urusi, akafungwa zaidi ya alivyoshinda. Hakuacha. 2012, Istanbul, akapata cheo cha FIDE.

Kupigwa na mkubwa si aibu. Aibu ni kumwachia mchezo ulioushika mwenyewe. Kete hazijui kusoma reitingi. Akitaka nusu pointi, naye aitokee jasho.