Magazeti ya jana na joto la bati

Jamani, joto hili mnalionaje? Jumapili nilipata siku ya mapumziko, kitu adimu kwa sisi wa magazeti, nikasema leo nalala mchana. Saa nane nikakimbia chumba. Pangaboi linazunguka, luku inaliwa, na upepo wenyewe ni wa moto! Nikaishia chini ya mwembe pamoja na wapangaji wenzangu wote.

Naandika haya kwa sababu mama yangu anajenga Kibaha. Ameshapaua. Wiki iliyopita akanipigia simu: "Mwanangu, utanichangia hela ya jipsamu?" Anataka ile ya maua na taa za rangi, kama ya jirani yake. Nikamwambia, mama, kwanza tuzungumze juu ya kitakachokaa juu ya hiyo jipsamu.

Marekani, nyumba nyingi zina kizuia joto darini. Aina moja inanifurahisha sana kwa kuwa inatokana na kazi yangu: magazeti ya zamani! Yanasagwa mpaka yanakuwa kama pamba, yanachanganywa na chumvi za boroni ili yasishike moto kirahisi, kisha mashine inayapuliza darini kwa mpira mnene mpaka kina cha sentimita 25 na zaidi. Hewa inayonaswa katikati ya nyuzi hizo ndiyo inayozuia joto kupita. Wenzetu wanapambana na baridi pia, lakini wakati wa kiangazi dari hilo hilo linawakinga na jua. Mwaka 1976 serikali yao ilianzisha mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kurekebisha nyumba zao kwa namna hii.

Huku kwetu gazeti langu likishasomwa linafungia maandazi. Sina ugomvi na maandazi, lakini nashangaa kuona msomi mwenye digrii anajenga nyumba ya mamilioni halafu kati ya kichwa chake na bati lililochemka anaweka ubao mwembamba tu. Kisha anakwenda kununua kiyoyozi!

Tafadhali, asije mtu akajaza magazeti makavu darini kwa kunisoma mimi. Bila dawa ya moto ni hatari, hasa kwa nyaya zetu hizi, na panya watafurahi. Bati likivuja nayo yataloa. Lakini zipo njia zinazowezekana hapa: kutandika karatasi ya alumini chini ya bati wakati wa kupaua na kuacha nafasi ya hewa, kutandaza pamba ya kioo juu ya dari, kuacha matundu ya hewa pande zote mbili za paa, na kuchagua bati la rangi nyeupe badala ya jekundu au jeusi.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa wageni wataviona wapi hivyo vya darini?"

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Tunajenga kwa ajili ya macho ya mgeni anayekaa saa moja, wenye nyumba tunaungua mwaka mzima. Mimi msimamo wangu ni huu: mchango wangu unaanzia juu ya dari. Maua yatasubiri.

Mwisho wa mwezi nakwenda Kibaha kumbembeleza. Nyie mngekuwa mimi, mngemwambia nini?